Shajara ya "Waya": kumtungia Samuel Morse kazi ya kwaya na okestra

Februari

Mpangilio umetulia. Sehemu saba, dakika 55 hivi, kwaya ya sauti nne, okestra ya nyuzi, filimbi na shaba, timpani, na waimbaji wawili wa peke yao: soprano na besi. Jina la muda ni "Waya". Mhusika ni Samuel Finley Breese Morse, yule wa telegrafu ya umeme na alama za nukta na vistari zinazobeba jina lake, aliyezaliwa Charlestown, Massachusetts, mwaka 1791, akafariki New York mwaka 1872.

Nikilitaja jina hilo mbele ya wanakwaya, vidole vinaanza kugonga meza. Waliopitia uskauti wanatoa SOS palepale. Kwamba huyu bwana aliishi kwa brashi mpaka akapita miaka 40, hiyo kwao ni habari mpya. Alimaliza Yale mwaka 1810, mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda London kusoma uchoraji Royal Academy, akarudi kwao 1815. Alimchora John Adams, rais mstaafu, na baadaye James Monroe. Mwaka 1826 akawa rais wa kwanza wa National Academy of Design ya New York. Heshima alipata, pesa ndiyo iliyompiga chenga. Mwaka 1822 alimaliza turubai kubwa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, jioni, taa zikiwashwa ukumbini, akaitembeza kwa kiingilio. Watu hawakuja.

Yote hayo nimeyabana katika sehemu ya kwanza, dakika nne, nyuzi na shaba zikipokezana haraka haraka. Kazi yake ni kumfikisha msikilizaji mwaka 1825, basi.

Machi

Sehemu ya pili, "Barua". Hapa sina haraka.

Mwanzoni mwa 1825 Jiji la New York lilimpa Morse kazi ya kumchora Marquis de Lafayette, yule Mfaransa aliyepigana upande wa Marekani katika vita vya uhuru, ambaye wakati huo alikuwa ziarani huko. Ikabidi Morse amfuate Washington. Mkewe, Lucretia, alibaki New Haven, ametoka kujifungua. Tarehe 7 Februari akafa ghafla, na umri wake ni miaka 25. Barua ya baba yake Morse ilichukua siku kadhaa kufika Washington kwa farasi. Katikati ya siku hizo Morse aliendelea kumwandikia mkewe, akimwambia anavyotamani kupata habari zake. Alipofika New Haven, maziko yalikuwa yamekwisha.

Nimeitunga hivi. Soprano anaimba mistari michache juu ya selo moja, kisha anakaa chini, anakaa kweli kwenye kiti. Waimbaji wa tena na wa besi wanaendelea kumwandikia kwa D meja, mwendo wa mtu anayetembea, habari za mjini na za Lafayette. Vipimo 24 vya furaha. Viola peke yake ndiyo inayojua: tangu soprano alipokaa, imeshika noti moja ya chini isiyo ya ufunguo ule, na haiachii.

Kwenye mazoezi waimbaji wa tena walipofika pale wakaanza kupunguza mwendo na kuvuta sauti kama wako msibani. Nikasimamisha.

"Jamani, mbona mnalia?"

"Si amekufa, Mwalimu?"

"Amekufa. Ila ninyi hamjaambiwa."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi tumwambie tunakuja na zawadi." Tukarudia kwa mwendo uleule, nyuso zimekunjuka, na mama mmoja wa alto akatoka nje. Neno la zawadi nimeliingiza kwenye maneno ya wimbo.

Machi, mwishoni

Kuna hadithi inayopendwa sana: mke alikufa, barua ikachelewa, mume kwa uchungu akaapa kuvumbua chombo cha kufikisha habari upesi. Tamu, na ingenipa sehemu ya tatu bila jasho. Lakini Morse mwenyewe alisema wazo lilimjia melini, mwaka 1832, akirudi kutoka Ufaransa. Miaka saba nzima iko katikati, na aliitumia kuchora. Yaliyokuwa moyoni mwake juu ya ile barua sina haki ya kuyajaza kwa kinubi na matoazi.

Kwa hiyo nimekata uhusiano. Noti ile ya viola inaisha pamoja na sehemu ya pili na hairudi tena mahali popote, hata pale telegrafu inapofanya kazi kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu mmoja mtunzi ananiambia nimetupa dhahabu. Huenda msikilizaji ataiunganisha mwenyewe kichwani. Hilo siwezi kumzuia.

Aprili

Sasa alama zenyewe. Swali la kwanza: alama zipi? Tunazozijua wengi ni za kimataifa, zilizotokana na marekebisho ya Mjerumani Friedrich Gerke mwaka 1848. Zile za Marekani za 1844 zilikuwa tofauti kiasi. O haikuwa vistari vitatu, ilikuwa nukta mbili zilizoachana. R ilikuwa nukta moja, mwanya, nukta mbili. L ilikuwa kistari kirefu kuliko cha kawaida. Nimechagua za Marekani, na sababu kubwa ni jina lake. Kwa alama zake mwenyewe, MORSE ni vistari viwili vya M, kisha hakuna kistari tena: O, R, S na E ni nukta tisa mfululizo, zikitenganishwa na mianya tu. Hiyo ni ngoma tayari. Kwa alama za kimataifa O inaingiza vistari vitatu pale katikati na mbio zinakufa.

Swali la pili ni sauti. Kwenye filamu tunasikia "pii-pii", ambayo ni ya redio, miaka mingi baadaye. Chombo cha Morse kiliandika kwenye ukanda wa karatasi. Wapiga telegrafu ndio waliogundua kwamba wanaweza kusoma kwa sikio, kwa kufuata mlio wa chuma kikigonga, na baadaye kikatengenezwa kidude cha kugonga tu. Kinagonga mara mbili kwa kila alama: kinaposhuka na kinapopanda. Kati ya nukta na kistari, milio ni ileile. Tofauti ni kimya kilichomo kati yake.

Fundi mmoja wa redio Kariakoo amenitengenezea kimoja. Koili imesukwa juu ya boliti, juu yake kipande cha chuma na springi, na umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki. Ukibonyeza kinasema "ta", ukiachia kinasema "ka", na "ka" ni nyembamba zaidi. Mbele ya watu 60 wanaoimba hakisikiki hata kidogo, kwa hiyo kitakaa karibu na maikrofoni, na mpiga ngoma atakuwa na vibao viwili vya mti, kimoja kizito na kingine chepesi, vya kukiunga mkono pale sauti inapojaa.

V nayo imenichekesha: nukta tatu na kistari, yaani ule mwanzo wa Simfonia ya Tano ya Beethoven ambao kila mtu anaujua. Beethoven alitangulia kwa zaidi ya miaka 30. Alfred Vail, kijana wa New Jersey aliyemjengea Morse mitambo katika karakana za baba yake pale Speedwell, jina lake linaanza na V. Nimeacha honi zimtambulishe kwa VAIL nzima. Wajuzi wa Beethoven watageuza shingo, kisha A na I zitawavuruga, na ile L ndefu ya Kimarekani itawapumzisha.

Mei

Kwaya yetu inasoma solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi, na wengi hawasomi nota za mistari mitano. Sina tatizo na hilo. Solfa imebeba nyimbo nzito kuliko hizi. Kikwazo ni kwamba katika solfa nukta na kistari vina kazi zao tayari. Nukta inagawa pigo nusu, mkato unaligawa robo, na kistari kinamwambia mwimbaji aendelee kushika noti. Ukiandika alama za Morse juu ya mstari wa solfa, mwimbaji mzoefu atazisoma kama muziki, na ana haki. Uamuzi: alama za Morse haziandikwi popote kwenye karatasi za kwaya. Mapigo yote yameandikwa kwa solfa ya kawaida, na herufi za Kiingereza zimewekwa pembeni kwa penseli kwa anayetaka kujua anachokigonga.

Wapuliza shaba wao hawana shida. Wengi wamelelewa kwenye beni za polisi na jeshi, au kwenye matarumbeta ya Kilutheri, na wanasoma chochote utakachowapa, hata kilichochapwa vibaya.

Juni

Sehemu ya tatu na ya nne zimekwisha kwa pamoja, nyepesi kuliko nilivyoogopa.

Ya tatu ni Louvre, jumba la makumbusho ya sanaa. Kati ya 1831 na 1833 Morse alichora turubai la karibu mita mbili kwa mita mbili na robo tatu, likionyesha ukumbi wa jumba hilo la Paris, na ndani yake akanakili picha 38 za mabingwa wa kale, akizipanga ukutani kwa kupenda kwake. Kipindupindu kiliingia Paris majira ya kuchipua ya 1832, na yeye aliendelea kupanda ngazi na brashi zake. Kwaya inataja majina kwa kanoni: Veronese, Tiziano, Rubens, Poussin, Murillo, Rembrandt, kila sauti ikianzia mahali pake. Mona Lisa, ambaye yumo kwenye turubai kule chini, nimewapa alto wa nyuma kabisa wamtaje kwa sauti ya kawaida tu. Picha aliiuza 1834 kwa dola 1,300, chini ya alichotarajia. Mwaka 1982 ilinunuliwa kwa dola milioni 3.25. Kiasi hicho hakimo kwenye wimbo, lakini nimekisema mazoezini na besi wakapiga miluzi.

Ya nne ni Sully, ile meli ya 1832, na kile kilichofuata. Mwaka 1837 Morse alinyimwa kazi aliyoiota, ya kuchora moja ya picha kubwa za Rotunda, ukumbi wa duara wa Capitol, jengo la Bunge la Marekani, na baada ya hapo akaacha uchoraji. Mwaka huohuo alikuwa na mfano wa telegrafu yake, na mwili wa mashine ulikuwa fremu ya mbao ya kuwambia turubai. Fremu hiyo bado ipo, katika makumbusho ya Smithsonian. Kwa mtunzi hii ni zawadi isiyohitaji kupambwa. Nimechukua mada ya Louvre, nikaitoa majina yote, nikabakiza mifupa yake kwenye pizikato ya nyuzi, zikidonolewa kwa vidole, na ndani ya mifupa hiyo kidude cha Kariakoo kinaanza kugonga. Januari 1838, pale Speedwell, walipitisha kwenye waya wa maili mbili sentensi inayomsifu mwenye subira. Kwaya yangu inaimba "Mvumilivu hula mbivu" na hakuna aliyeuliza maana.

Julai

Sehemu ya tano imenishika mwezi mzima, na bado naipenda.

Bunge lilitoa dola 30,000 mwaka 1843 kwa ajili ya waya wa majaribio kutoka Washington hadi Baltimore, kama kilomita 64. Walianza kuufukia ndani ya mabomba ya madini ya risasi. Umeme ukavuja, pesa zikayeyuka, wakaamua kuutundika juu ya nguzo. Hiyo ni tromboni za chini zinazozama, halafu nyuzi zinazopanda. Tarehe 24 Mei 1844 Morse alikaa kwenye chumba cha Mahakama Kuu, ndani ya Capitol, Vail akiwa Baltimore. Maneno ya kutuma yalichaguliwa na msichana Annie Ellsworth, binti wa mkuu wa ofisi ya hataza: Hesabu 23:23. Biblia yetu inasema, "Ni mambo gani aliyoyatenda Mungu!"

Wanaoimba kanisani wanaujua muktadha: anayesema ni Balaamu, nabii aliyekodiwa aje alaani, mdomo ukamgeukia. Nimemwachia besi wa peke yake mstari huo kwanza, mkavu, kabla kwaya haijaupokea.

Chini yake kidude kinagonga Kiingereza chenyewe, WHAT HATH GOD WROUGHT. Hapa kuna jambo lililonikalisha hadi usiku wa manane. Ukiihesabu nukta kama kizio kimoja, kistari vitatu, mwanya wa ndani ya herufi kimoja na kati ya herufi vitatu, neno WHAT lina vizio 33 na HATH lina 31. Kipimo cha nne kwa nne kina robo za pigo 16, viwili vina 32. Kwa hiyo WHAT inavuka mpaka wa vipimo viwili kwa robo moja ya pigo, na HATH inapungukiwa na hiyohiyo moja. Kati yake kunatakiwa mwanya wa maneno. Mwanya huo nimewapa kwaya: kipimo kizima cha "Ni mambo gani", kinachoanza pale WHAT inapokatika, robo moja ya pigo baada ya mstari, na kumalizikia pale HATH inapoingia. Kwaya nzima inaelea nje ya mpigo kwa kipimo kimoja, HATH inaisha, na kila kitu kinarudi mstarini chenyewe. Sikubuni chochote hapo. Nimefuata hesabu tu.

Kuifundisha ni kazi nyingine. Soprano wanataka kuikamata kwa mguu. Nimewakataza kugonga miguu.

Agosti

Sehemu ya sita. Niliiacha makusudi mpaka mengine yakamilike.

Mwaka 1835 Morse alichapisha kitabu cha kuonya kwamba Wakatoliki wanaohamia Marekani ni njama ya kigeni dhidi ya uhuru wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata aligombea umeya wa New York kwa tiketi ya wapinga wahamiaji, akaanguka vibaya. Mwaka 1863, mwaka uleule ambao Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, Morse alitoa kijitabu kikitetea utumwa kuwa ni mpango wa Mungu. Mwaka huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi bado, lilifungwa 1873.

Nusu ya kwaya ni Wakatoliki. Kadhaa wametoka Bagamoyo. Nikawasomea yote hayo kabla ya kuwapa karatasi.

Mzee mmoja wa besi, anayeimba tangu mimi sijazaliwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa huyu mtu tunamwimbia, au tunamsema?"

"Vyote viwili, Mzee."

"Haiwezekani kwa pumzi moja."

"Ndiyo maana kuna sehemu ya sita."

Hakuridhika, na sikutegemea aridhike. Kuna waliopendekeza tuiruke: kazi ni ya sanaa na uvumbuzi, mambo ya siasa yake ya nini? Lakini mtu aliyeamini kwamba Mungu ndiye aliyetenda ule waya ndiye huyohuyo aliyemtaja Mungu kutetea mnyororo. Kwa 1844 nilimpa kwaya nzima na tromboni tatu. Siwezi kumficha 1863 nyuma ya pazia.

Ilivyo sasa ni dakika tatu. Okestra haipigi. Kidude kinagonga jina zima la kijitabu kile, herufi kwa herufi, bila kwaya na bila vibao, mpaka mwisho. Kisha besi wote wa kwaya, bila ala, wanaimba "Ni mambo gani" kwa noti zilezile za sehemu ya tano, ila wanaishia kwenye "gani". Neno la Mungu halitajwi. Mzee yule aliposikia mwisho huo akasema, "Hapa sawa," akaweka alama kwenye karatasi yake.

Septemba

Sehemu ya saba. Tarehe 10 Juni 1871 wapiga telegrafu wa Marekani walimzindulia Morse sanamu Central Park, na usiku wakakusanyika katika ukumbi wa Academy of Music. Mpigaji wa kike, Sadie Cornwell, akatuma salamu za Morse kwa ndugu wote wa telegrafu duniani, zikiisha kwa wimbo wa malaika wa Betlehemu. Kisha mzee mwenyewe, miaka 80, akasogezwa mezani akagonga jina lake.

Kwa wimbo wa malaika nimetumia maneno ya Utukufu wa Misa, hadi "watu wenye mapenzi mema". Ndiyo, ya Kikatoliki. Wakatoliki wa kwaya walicheka mpaka mazoezi yakasimama dakika kadhaa. Walutheri nao wakasema na wao wanaimba.

Salamu zinapokwenda "duniani kote" nimejiruhusu kuruka miaka minane. Mwaka 1879 waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja na kuendelea hadi Durban. Kwenye waya mrefu wa baharini nukta na kistari vilikuwa na urefu mmoja. Kilichovitofautisha ni mwelekeo wa mkondo wa umeme, upande mmoja nukta, upande wa pili kistari. Kwa hiyo naigawa kwaya mara mbili, kushoto nukta, kulia kistari, na noti zote ni fupi sawasawa. Tumejaribu bila okestra. Aliyekaa katikati ya ukumbi anageuza kichwa kama anaangalia tenisi, na hilo silibadilishi.

Besi hawaimbi "na amani duniani". Wanaingia tena kwenye "watu wenye mapenzi mema". Nimeandika hivyo kwenye karatasi bila maelezo.

Yaliyobaki: nota za honi kuhamishiwa ufunguo wa F na kuchapwa, timpani ya sehemu ya tano ina kishindo kimoja cha ziada ambacho nadhani nitakiondoa, mwimbaji wa soprano anataka kiti chake kisogezwe mbele ya selo, na mpiga selo hataki. Ukumbi tuliouwania unatoza kwa saa, kwa hiyo mazoezi ya pamoja na okestra yatakuwa mawili badala ya manne, na sehemu ya tano itakula karibu yote. Besi wanakuja peke yao Jumanne saa kumi na moja jioni, kwa ajili ya ile "gani". Waje na penseli.